Kwenda kuona sakura kwenye kiwanda cha sarafu Osaka, hatua kwa hatua kwa anayeenda mara ya kwanza

Kila ikifika mwezi wa tatu naanza kupata meseji za watu wanaokuja Japani, wengine wanafunzi wapya, wengine wanakuja kikazi wiki mbili tu na wanataka siku moja waone sakura, yaani maua ya miti ya cheri, kabla hawajarudi nyumbani, na swali ni lilelile, niende wapi? Jibu langu halijabadilika. Kama utakuwa upande wa Osaka mwezi wa nne nenda Zoheikyoku, yaani kile kiwanda cha serikali kinachotengeneza sarafu, ukapite kwenye njia yao ya sakura. Ni eneo la serikali kabisa, lina uzio na mageti na walinzi, ndani wanatengeneza pesa za chuma za nchi nzima, na kwa siku saba tu kwa mwaka wanafungua geti bure, anaingia bibi na fimbo yake, anaingia mtoto, anaingia mgeni kama mimi na wewe. Nimeenda mara nyingi na bado kila mwaka naomba ruhusa kazini mapema ili nisikose.

Naandika yote hapa kwa mpangilio maana mambo mengine nilijifunza kwa kukosea, na sioni sababu na wewe ukosee palepale.

Kabla ya yote, jua unaenda kuona nini

Watu wengi wanajua sakura ya aina moja, ile nyeupe yenye pinki kwa mbali ambayo iko kwenye kila picha ya Japani. Ile inaitwa Somei Yoshino, ina petali tano, na miti yake yote imezalishwa kwa kuunganisha vikonyo kutoka mti mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ni kama mapacha, inachanua pamoja na kupukutika pamoja. Osaka inachanua mwisho wa mwezi wa tatu kuingia mwanzoni mwa mwezi wa nne, na wiki moja baadaye kama mvua na upepo vimepita basi imeisha.

Za pale kiwandani nyingi sio hizo. Pale kuna miti zaidi ya 300 ya aina zaidi ya 130, na sehemu kubwa ni yaezakura, sakura za petali nyingi zilizobebana, ua moja linaweza kuwa na petali 20, 30, na zile wanazoita kikuzakura, sakura za krisanthemamu, zinapita 100. Ua limejaa hadi linaning'inia. Hizi zinachelewa, zinakuja wiki moja au mbili baada ya Somei Yoshino, na hapa ndipo mwaka wangu wa kwanza niliharibu. Nilienda mwisho wa mwezi wa tatu na rafiki yangu, tumebeba mkeka na chapati na maharage kwenye hotipoti, tukakuta geti limefungwa, ndani hamna hata taa. Nilidhani sakura ni sakura tu. Siku ile tulivuka mto tukala chapati zetu ng'ambo, na nitakwambia baadaye kwa nini ng'ambo nako sio pabaya hata kidogo.

Jina la tukio lenyewe ni Sakura no Toorinuke, maana yake ni kama kusema kupita katikati ya sakura, unaingia huku unatokea kule. Lishike hilo jina maana ndivyo mambo yalivyo, ni njia ya mita 560, inaenda upande mmoja, hamna kurudi nyuma, hamna kukaa, hamna kula. Mtu akikwambia mnaenda hanami (kutazama maua) kule akamaanisha kutandika mkeka na kupiga stori mpaka jioni, amechanganya.

Historia kidogo, kwa sababu ukiijua utatembea tofauti

Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1871, mwaka uleule ambao serikali ya Meiji ilipitisha sheria ya kuanzisha yeni. Mashine za mwanzo walinunua Hong Kong, kwenye kiwanda cha sarafu cha Waingereza kilichokuwa kimefungwa mwaka 1868 baada ya kufanya kazi miaka miwili tu. Majengo yalichorwa na Thomas Waters, na meneja wa kwanza wa kigeni alikuwa Thomas Kinder ambaye naye alitokea kulekule Hong Kong. Kiwanja kiko kandokando ya mto Okawa, na miti ya sakura inatokana na ile iliyokuwa kwenye makazi na maghala ya ukoo wa Todo.

Sasa miaka ile wafanyakazi ndio waliokuwa wanaiona peke yao. Mwaka 1883 mkurugenzi aliyekuwepo, Endo Kinsuke, akaona haifai wafurahie wao tu huku wakazi wa Osaka wako nje ya uzio, akaamuru geti lifunguliwe watu wapite. Huyu bwana ni mmoja wa wale vijana watano wa jimbo la Choshu waliotoroka kwenda Uingereza kusoma mwaka 1863, wakati ambapo kutoka nje ya nchi bila ruhusa adhabu yake ilikuwa kifo. Mimi nikipita pale huwa nawaza hili kila mwaka, kwamba mtu aliyehatarisha shingo yake kwenda kuona ulaya, aliporudi akapewa ofisi kubwa, akafikiria watu wa mtaani na maua. Serikali ngapi zinakumbuka kufungua geti?

Haikuwa raha mfululizo pia. Moshi wa viwanda uliua miti, halafu mabomu ya mwaka 1945 yakachoma mingi, wakati wa vita walisimamisha, wakafungua tena mwaka 1947. Mara nyingine iliyosimama ni 2020 na 2021 kwa ajili ya korona. Kwa hiyo miti unayoiona leo kuna watu waliikusanya upya, aina moja baada ya nyingine.

Na kitu kimoja kizuri, toa sarafu ya yeni 100 mfukoni uigeuze. Hayo maua yaliyochorwa ni sakura, na sarafu za Japani zinatengenezwa na kiwanda hichihichi. Noti wanachapa watu wengine, huku ni chuma tu.

Hatua ya kwanza: tarehe

Usinunue tiketi ya ndege kwa kufuata tarehe ya mwaka jana. Kiwanda kinapanga siku saba kulingana na maua yanavyotabiriwa, na zinahama sana. Mwaka 2022 walianza tarehe 13 Aprili, 2024 tarehe 10, halafu 2025 wakaanza tarehe 5. Tangazo linatoka kwenye tovuti yao karibu na msimu, kwa kawaida mwezi wa tatu, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa mwezi wa pili uwe unachungulia kila baada ya siku chache. Kama tiketi lazima ununue mapema kwa sababu ya bei na viza (paspoti za Tanzania na Kenya zote zinahitaji viza, anza mapema) basi lenga uwepo Osaka kati ya tarehe 7 na 14, ndio ninavyowaambia wageni wangu, mara nyingi utaangukia ndani au utaigusa pembeni.

Ndani ya zile siku saba ipi nzuri? Siku za mwanzo baadhi ya aina bado ziko kwenye vifundo, siku za mwisho nyingine zimeshaanza kumwaga petali chini. Mimi napenda siku ya tatu au ya nne. Ila kama nafasi yako pekee ni siku ya mwisho nenda tu wala usisikitike, kwa sababu aina ziko nyingi kiasi kwamba kila siku kuna mti ambao ndio siku yake.

Hatua ya pili: kushika nafasi

Zamani ulikuwa unaenda tu unaunga foleni, watu laki kadhaa kwa wiki. Tangu ilipofunguliwa tena 2022 unatakiwa kujiandikisha kwanza kwenye intaneti, bure, unachagua siku na muda wa kuingia na idadi ya watu. Soma tangazo la mwaka wako kwa sababu taratibu ndogondogo wanaweza kubadilisha. Jumamosi na Jumapili zinaisha haraka sana, kwa hiyo siku ya kufungua uandikishaji usisubiri jioni ukitoka kazini, fanya asubuhi, kama una marafiki kwenye grupu wawili watatu wajaribu kwa pamoja, mmoja akipata kwa ajili ya wote anawaambia wengine waache ili wasizibe nafasi za watu.

Hapa kuna kosa ambalo sisi waswahili tunalifanya kirahisi, la saa. Fomu ina saa za 24, kwa hiyo ukiona 18:00 hiyo ni saa kumi na mbili jioni yetu, na 10:00 ni saa nne asubuhi. Namjua mtu alisoma 10:00 akaweka kichwani saa kumi jioni, akafika getini amevaa vizuri kabisa na nafasi yake ilishapita kwa saa sita nzima. Andika kwa kiswahili chako kwenye kalenda ya simu palepale ukimaliza kubuku.

Muda gani uchague? Miaka ya karibuni wamekuwa wakifungua saa nne asubuhi siku za kazi na saa tatu wikiendi, kufunga ni saa moja na nusu usiku. Ukitaka picha za rangi halisi nenda asubuhi. Ukitaka kitu cha kukumbuka maisha chukua ule muda wa saa kumi na mbili jioni, maana katikati ya Aprili jua la Osaka linazama kama saa kumi na mbili na nusu, unaingia kuna mwanga bado, katikati ya njia taa zinawaka, zile taa zao za karatasi wanaita bonbori, na unatokea geti la pili ukiwa usiku. Mama yangu alipokuja kunitembelea nilimchukulia muda huo, na mpaka leo akipiga simu lazima aulize ile njia yenye taa.

Ukishapata uthibitisho piga skrinshoti. Usitegemee mtandao getini, watu wako wengi wote wanatafuta imeili zao kwa pamoja.

Ukikosa kabisa, rudi kwenye ukurasa kila siku kwa sababu watu wanaghairi, hasa utabiri wa mvua ukitoka. Na mvua yenyewe usiiogope, chukua mwavuli nenda, yaezakura zikilowa rangi inakolea na watu wanapungua.

Hatua ya tatu: ulivyovaa na ulichobeba

Mwezi wa nne Osaka mchana ni kama nyuzi 20 hivi, jioni inashuka kuelekea 10, kwa mtu aliyekulia Dar au Mombasa hiyo jioni ni baridi ya kweli, kwa mtu wa Njombe ni kawaida. Beba sweta. Viatu vya kutembelea, maana mita 560 ni ndogo ila ukijumlisha stesheni na mizunguko ya mto utatembea kilomita nne tano bila kujua.

Barakoa beba hata kama huna mafua. Mwezi huo chavua za miti ya hinoki zinaruka kila mahali, na wengi wetu mwaka wa kwanza hatusikii kitu, wa pili au wa tatu ghafla macho yanawasha na pua inatiririka, ukajua umeshajiunga na Wajapani wenzako. Vidonge vya mzio vinauzwa maduka ya dawa bila cheti.

Tripodi acha nyumbani, hairuhusiwi, mbwa na paka vilevile. Chakula kama umebeba kiwe kimefungwa kwenye begi, utakula ukishatoka. Choo nenda stesheni kabla hujaanza safari, hii naisema hasa kwa wenye watoto, kwa sababu ukiwa katikati ya njia huwezi kugeuza kurudi ulikotoka. Wenye mtoto kwenye kigari au mzazi kwenye wheelchair msiwe na wasiwasi, njia ni tambarare, mwendo ni wa polepole na watu wanapisha.

Hatua ya nne: kufika

Gari usijaribu, hamna pa kuegesha. Njoo na treni, kadi ya kulipia nauli ya ICOCA inatosha.

Jambo la kushika ni kwamba unaingilia geti la kusini na kutokea geti la kaskazini, kwa hiyo stesheni ya kuja nayo sio lazima iwe ya kurudi nayo. Kuja, mimi nasema Temmabashi. Ukitokea Umeda panda laini ya Tanimachi pale Higashi-Umeda, ni stesheni ya pili tu. Ukitokea Kyoto ni rahisi zaidi, panda treni ya kampuni ya Keihan pale Sanjo au Gion-Shijo, hata ile spesho ekspresi inasimama Temmabashi, hubadilishi treni. Ukitoka stesheni vuka daraja la Temma kuelekea kaskazini, mto uko chini yako, ukishamaliza daraja unafuata upande wa kulia. Kama dakika 15 kwa mguu, wala huhitaji ramani, fuata watu. Stesheni ya Osaka-Temmangu ya JR (kampuni nyingine ya reli) nayo iko umbali huohuo.

Wanaotoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa Kansai, usije na sanduku. Iache kwenye loka za stesheni au hotelini kwanza. Kuburuza sanduku kwenye msongamano ule ni kuwatesa wenzako.

Hatua ya tano: ukiwa ndani

Hapa ndipo nataka uende taratibu.

Watu wengi wanaingia, wananyanyua simu juu, wanapiga picha ya dari lote la pinki, wanatembea haraka, dakika 15 wametoka, halafu wanasema ilikuwa nzuri. Hawajaona kitu. Utajiri wa pale uko kwenye vibao. Kila mti una kibao chenye jina la aina yake, na majina mengine yameandikwa kwa herufi za kirumi pia, na kama huwezi kusoma elekeza kamera ya simu ikutafsirie. Mimi naomba uchague aina tano au sita uzitafute kwa makusudi, kama unavyotafuta nyumba ya mtu mtaani.

Kwanza mtafute Kanzan. Huyu ni pinki iliyokolea, majani machanga yana wekundu wa shaba, na ndio ua linalochumwa mashambani likatiwa chumvi kwa ajili ya chai ya sakura wanayokunywa kwenye harusi na shughuli za heri. Ukimjua Kanzan utamkuta mpaka Ulaya na Marekani, amepandwa kila mahali.

Halafu tafuta Ukon. Huyu ndiye kipenzi changu na kila mtu ninayekwenda naye lazima nimsimamishe hapo. Ukon kwa Kijapani ni manjano, ile bizari ya manjano kabisa ya jikoni kwako, na wameuita hivyo kwa sababu maua yake sio pinki wala meupe, ni ya njano iliyopauka kama maziwa uliyodondoshea bizari kidogo. Mara ya kwanza nilipokiona kibao nilicheka peke yangu kwa furaha, niko mbali na nyumbani kiasi kile na mti unaniambia manjano. Karibu yake kwa ukoo ni Gyoiko, petali zake ni za kijani, kweli kabisa kijani, zina mistari, na zikizeeka katikati panaanza kuwa pekundu. Ukisimama mbali utapita ukidhani ni majani, ndio maana nakwambia soma vibao.

Kuna Odemari na Kodemari, temari ni mpira wa nyuzi wa watoto wa Kijapani, na maua yake yanajikusanya kwenye ncha ya tawi mpaka yanakuwa mpira wa kweli, o ni mkubwa na ko ni mdogo. Kuna Yokihi, jina la yule mke wa mfalme wa China aliyesifika kwa uzuri, wachina wanamwita Yang Guifei. Kuna Fugenzo, aina ya zamani sana, na Shogetsu, nyeupe yenye pinki pembeni, inaning'inia kwa vikonyo virefu na mimi naona ndio yenye adabu kuliko zote pale.

Kila mwaka pia wanachagua aina moja inakuwa ua la mwaka, utaona watu wamejazana hapo, na wanauza seti za sarafu za kumbukumbu ya sakura ya mwaka ule. Kama una mtu nyumbani unataka kumpelekea zawadi ndogo isiyovunjika kwenye sanduku hiyo ni zawadi ya maana kuliko kitambaa cha uwanja wa ndege.

Adabu ni chache. Usivute tawi hata kama liko usawa wa pua yako, usichume, mtoto asitikise mti ili petali zianguke, najua inavutia kwenye video ila ile miti ina watu wanaoihudumia mwaka mzima kwa ajili ya siku saba. Ukitaka picha sogea pembeni kwanza, usisimame ghafla katikati, nyuma yako kuna mstari mrefu. Ukiombwa umpigie mtu picha mpigie, na wewe omba, ndio namna nzuri ya kuanza mazungumzo na wazee wa Osaka, wanaongea sana hawa, sio kama mnavyoambiwa kuhusu Wajapani.

Na usishangae ukisikia kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wa Kijapani wanaosoma Kiswahili kama lugha yao kuu, somo la miaka yote ya digrii, na mwaka mmoja nikiwa nabishana na mwenzangu kuhusu kibao gani ni kipi, binti mmoja nyuma yetu akasema shikamoo kwa sauti ndogo kabisa. Nilimuitikia marahaba kwa nguvu mpaka watu wakageuka. Tukatembea naye mpaka geti la mwisho, yeye anatusomea kanji, yaani herufi za Kijapani, za vibao, sisi tunamwambia tofauti ya mjakaranda na mkrismasi, kwamba na kwetu kuna miti inayochanua mpaka barabara inabadilika rangi, ule wa Nairobi mwezi wa kumi na ule mwekundu wa pwani mwezi wa kumi na mbili.

Panga saa moja. Ukifika geti la kaskazini umetoka, hurudi tena, kwa hiyo kama kuna mti unataka kuuangalia mara ya pili uangalie kabla.

Makumbusho ya kiwanda, ambayo yako kwenye jengo la matofali la mwaka 1911, huwa yamefungwa wiki ya sakura. Kama unapenda habari za pesa rudi siku nyingine.

Hatua ya sita: ukishatoka

Usikimbilie treni. Ng'ambo ya barabara upande wa kaskazini kuna Senpukan, nyumba ya wageni ya kiwanda iliyojengwa 1871, ina baraza kubwa na nguzo, ukiiangalia kwa nje utakumbuka nyumba za zamani za wakoloni kule Bagamoyo au Zanzibar, na ni katika majengo ya zamani zaidi ya mtindo wa kizungu yaliyobaki Osaka.

Halafu mto. Pande zote za Okawa ni bustani ya Kema Sakuranomiya, ina maelfu ya miti, nyingi ni Somei Yoshino, na hapa ndipo mkeka wako na hotipoti vinaruhusiwa. Ukija wiki ya kiwanda zitakuwa nyingi zimeshapukutika, lakini petali zinaelea kwenye maji kama zulia, na kuna watu wanaona huo ndio wakati mzuri zaidi. Na kama uko Osaka mapema, mwisho wa mwezi wa tatu, njoo hapa moja kwa moja usihangaike na geti, ndipo tulipokula zile chapati mwaka wa kwanza.

Njaa ikikushika kuna mtaa wa maduka wa Tenjinbashisuji, umefunikwa paa kwa kilomita 2.6, mrefu kuliko yote ya aina hiyo Japani, unaufikia kwa mguu. Takoyaki lazima ujaribu, ni donge la unga lenye kipande cha pweza ndani, mtu wa Forodhani hahitaji kubembelezwa. Kwa Waislamu ulizeni kwanza kuhusu sosi na supu iliyochanganywa kwenye unga, mara nyingine kuna pombe ya kupikia au mchuzi wa nguruwe, onyesha maandishi kwenye simu, wanaelewa na wanajibu kwa uaminifu.

Kama siku saba zimekupita kabisa, tawi la kiwanda hichihichi la Hiroshima nalo linafungua uwanja wake mwezi wa nne, wanaita Hana no Mawarimichi, na Kyoto kuna hekalu la Ninnaji lenye sakura fupi zinazochelewa, maua yako usawa wa uso wako.

Kurudi, kutoka geti la kaskazini stesheni ya karibu ni Sakuranomiya ya JR, jina lenyewe lina sakura ndani, vuka mto kwa daraja, kama dakika 15. Panda treni ya mduara inayoelekea Osaka, inasimama Temma halafu Osaka, umefika. Ukipata nafasi simama dirisha la upande wa kushoto, treni inapovuka mto utaziona kwa mara nyingine kutoka juu, sekunde chache tu, kwa hiyo simu weka mfukoni uangalie.